Jambo lako ninaliombea

Ijumaa iliyopita nilitoka kwenye kesha hapa Tororo, Uganda, saa kumi na moja alfajiri, sauti imekauka, moyo mwepesi. Wepesi huo uliishia langoni. Alikuwa amesimama pale msichana ninayemfahamu, mfuko wa nguo mkononi. Amefanya kazi nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa letu: amepika, amefua, amelea watoto wake. Miezi minne hajalipwa. Shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo anadai laki sita. Alikuja kuomba angalau nauli ya kurudi kwao. Mzee akamwekea mkono begani, akasema, "Binti yangu, jambo lako ninaliombea."

Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Analiombea nini? Kumbukumbu la Torati 24 inasema mfanyakazi maskini alipwe siku ile ile, jua lisichwe kabla hajashika ujira wake, asije akamlilia Bwana ikawa dhambi kwako. Walawi 19 inakataza ujira ulale kwako hadi asubuhi. Yakobo naye anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe. Jibu la jambo hili lilikwisha kutolewa zamani sana. Mzee anamrudisha Mungu kwenye swali lililokwisha jibiwa, akitumaini kwamba safari hii atapewa jibu jepesi zaidi.

Na si yeye peke yake. Tunaombea kama tusameheane na ndugu tuliyegombana naye kwa mpaka wa shamba. Tunaombea kama turudishe fedha za chama. Mwanamume amewaacha watoto wake kijijini bila karo, anafunga siku tatu kutafuta mapenzi ya Mungu juu ya maisha yake! Mapenzi ya Mungu yako kijijini yanasubiri karo. Jambo ambalo Bwana amekwisha kuliamuru, ukiliombea ili upate kulichelewesha, umekataa. Umepiga magoti, lakini umekataa.

Nimekuwa nikiiwaza nyumba ile usiku. Sebuleni mzee analia mbele za Mungu kwa ajili ya mzigo wake uliokwama mpakani Malaba. Jikoni, kwenye mkeka, msichana naye anaomba, apate pesa ya dawa ya mama yake. Sala mbili chini ya bati moja, na Mungu anazisikia zote. Ile ya jikoni ingejibiwa kabla ya usiku wa manane kama mtu wa sebuleni angeinuka na kufungua mkoba. Mithali 28:9 inasema anayegeuza sikio lake asiisikie sheria, hata sala yake ni chukizo. Miaka yote niliyokesha kanisani, sikumbuki mstari huo ukisomwa.

Walokole wa kwanza walilijua hili. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church walikaa pamoja Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba, na katika miaka iliyofuata uamsho ukaenea Rwanda, Uganda, Kenya, Tanganyika. Watu waliutambua kwa nini? Walioguswa walitubu hadharani na kurudisha walichoiba. Marehemu bibi yangu alikuwa akitusimulia jirani aliyefika kwao jioni na jembe alilokuwa amelificha miaka sita. Alishindwa hata kukaa. Alilishika tu pale mlangoni, machozi yakimtoka, mpaka babu akalipokea. Bibi hakukumbuka neno hata moja alilowahi kuomba jirani yule. Jembe alilikumbuka hadi anakufa.

Sawa, nakubali kwamba kuna utii ambao mtu hauwezi bila kuomba sana. Mashahidi wa Uganda, vijana waliochomwa Namugongo kwa ajili ya imani yao tarehe 3 Juni 1886, hawakufika pale kwa ujasiri wao. Walitoka Munyonyo, walikohukumiwa, wakiwa wamefungwa, wakiwa watu wa sala. Kizito, mwenye miaka 14 hivi, kiongozi wao Karoli Lwanga alikuwa amembatiza kabla tu ya hukumu. Hata Bwana mwenyewe aliomba Gethsemane mara tatu. Lakini baada ya hapo aliinuka akaenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Maombi yale yalimpa nguvu ya kwenda.

Tena utii ninaoutaja ni kwa Mungu, si kwa mchungaji. Waliotii viongozi wao bila kuuliza, wafuasi wa dhehebu la Kibwetere, tuliwazika Kanungu mwaka 2000, mamia, na watoto ndani yake.

Jumanne nilikwenda kwa mzee peke yangu, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Alinipokea vizuri, mkewe akaleta chai. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kwa ajili ya yule binti." Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kikombe chini, akasema, "Dada, asante. Basi tuombe."

Alifumba macho. Mimi sikufumba. Nilisubiri amalize, nikamwambia binti bado yuko Tororo, amehifadhiwa na mama mmoja wa kanisa, na simu yake inapokea pesa. Hakujibu.

Jumamosi narudi na ndugu wawili.