Babu, kaunta buku na chai ya saa nne

Kila nikienda likizo naulizwa swali lilelile, na muulizaji huwa keshajipa jibu: "Wazungu wanatuzidi nini viwandani? Nidhamu tu, au sio?" Huu mwaka wa tisa natengeneza mitambo kwenye kiwanda cha saruji magharibi mwa Ujerumani. Kabla ya hapo nilikaa miaka minne kwenye kiwanda cha saruji nyumbani Tanzania, ambacho sitakitaja. Tanuru ni lilelile: bomba refu la chuma linalojizungusha taratibu, ndani limejengewa matofali ya kuhimili moto, chokaa inaungua humo mpaka nyuzi 1,450 na upande wa pili inatoka klinka, vile vibonge vinavyosagwa kuwa saruji. Vumbi ni lilelile. Hata chapa za beringi ni zilezile. Wenye nidhamu nimewaona kote kuwili, na wavivu pia, tena huku wapo wa kutosha.

Nyumbani nilikuwa msaidizi wa mzee mmoja ambaye wote tulimwita Babu. Hapakuwa na feni wala mota asiyoijua kwa sauti. Anaegesha ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, kisha anasema, "Hii ina wiki mbili." Ukihesabu, wiki mbili hazipishani sana. Kila alichogundua alikiandika kwenye kaunta buku lenye jalada jekundu, na lile kaunta buku lilikaa kabatini, ufunguo wa kabati ukakaa shingoni mwake. Sasa kazi ikifika penyewe, pale pa kuikalisha mota na kuilenga na feni, Babu anainua kichwa: "Kijana, hebu kaniletee chai." Ukirudi na chai nati zimeshakazwa, mzee anafuta mikono kwa kitambaa. Nimemletea chai miaka minne.

Alikuwa na mkataba wa miezi mitatu mitatu kupitia wakala, na amezeeka nao hivyohivyo. Siku moja haukuongezwa. Akachukua kaunta buku lake akaenda zake.

Haikupita muda tukaambiwa wanakuja wageni wakubwa, kiwanda kisafishwe na mitambo ipakwe rangi. Ile mota ya feni kubwa ya tanuru ilipofunguliwa, chini ya mguu wake mmoja kikaonekana kibati kimekatwa kwenye kopo la maziwa ya unga, kimeshika kutu. Uchafu huo, kikatupwa. Mota ikarudishwa inang'aa kijani. Siku ya pili feni ikaanza kutetemeka. Tukabadilisha beringi, ikafa. Tukabadilisha tena, ikafa. Ya tatu hatukuwa nayo stoo, na wakati tunaisubiri tanuru limezimwa. Tanuru si jiko la mkaa useme unalimwagia maji halafu unawasha tena jioni. Linapoozwa polepole na kupashwa polepole, vinginevyo matofali yanapasuka, na hapo ndipo hasara inapokuwa hasara. Mwisho akaja mtaalamu na vipimo vyake akatuonyesha: mguu ule haukai sawa kwenye kitako chake. Ukiukaza bila kujazia kitu, mota nzima inajipinda. Unene uliotakiwa ulikuwa ule wa bati la kopo la maziwa. Wote tuliokuwepo tuliangalia chini.

Nilipofika huku, mwezi wa kwanza nikapewa kusoma kitabu cha makabidhiano ya shifti, nijifunze na lugha. Nikakuta mtu ameandika: nilisahau kufungua vali ya maji ya kupoozea, pampu ikapata moto, nikaizima saa 9:10 usiku. Jina lake chini, limesomeka vizuri. Nikasema moyoni, huyu keshakwisha. Kweli aliitwa. Wakaenda naye wakaiangalia ile vali, wakakuta imejificha nyuma ya bomba, na wiki iliyofuata ikafungwa mpini mwekundu unaoonekana kutoka mlangoni. Basi. Mimi nyumbani ningeandika "pampu imepata moto", kama vile pampu hujipatia moto yenyewe.

La pili lililonishangaza ni wageni. Walikuja mafundi wa kampuni nyingine ya saruji, washindani wetu kabisa, kutazama tunavyozuia unga wa moto usigande na kuziba saikloni, yale mapipa makubwa ambamo unga wa mawe hupashwa moto kabla ya kuingia tanuruni. Wakaonyeshwa kila kitu, wakala mikate yetu, wakaondoka. Nikamuuliza msimamizi wangu, hawa si tunagombea nao wateja? Akasema wateja ni kazi ya watu wa mauzo. Saikloni ikiziba wanaoingia kuizibua ni watu kama wewe, na unga ule ukikufumukia unaungua sawa tu, kampuni yoyote. Si jambo la jana. Wenye viwanda vya saruji wa Ujerumani waliunda chama chao mwaka 1877, mwaka uliofuata kikapatikana kiwango cha pamoja cha saruji, na mpaka leo chama hicho kina taasisi ya utafiti Düsseldorf ambako mafundi wa kampuni zinazoshindana hukaa darasa moja.

Msidhani nawapamba. Mwaka 2003 mamlaka ya ushindani ya hapa iliwapiga faini wakubwa wa saruji ya karibu euro milioni 660 kwa kupanga bei na kugawana masoko. Ushirikiano ukiwakolea wakubwa, mjenzi ndiye anayelia.

Lakini fundi wa chini kwa nini anasema? Wengi wetu hatulitazami swali hilo. Huku ukishamaliza miezi sita, na kiwanda kina watu zaidi ya kumi, hufukuzwi bila sababu inayosimama mbele ya hakimu. Ukigundua kitu kazini, kuna sheria ya 1957 inayompa mfanyakazi malipo kwa uvumbuzi wake, na hata wazo dogo lisilofikia uvumbuzi lina utaratibu wake wa fomu na bahasha. Kusema hakumpunguzii kitu. Babu kila miezi mitatu alikuwa ombaomba upya, na kitu pekee kilichowafanya wamwite tena ni vile alivyovijua yeye peke yake. Tulimwita mchoyo. Mkataba wake wa kweli ulikuwa lile kaunta buku, na mimi nashangaa tulitaka autoe bure.

Ndiyo maana mabango ya kaizen, ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo, hunichekesha kidogo. Sina ugomvi na kaizen: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, ni maneno mazuri na yanafanya kazi. Lakini bango linalosema "toa wazo lako" limebandikwa mbele ya deiwaka ambaye hajui kama Jumatatu atapita getini.

Na msiniambie mafundi wetu hawapendi kusaidiana. Usiku wa manane simu zinapigwa kiwanda hadi kiwanda: "Kaka, una beringi ya namba hii? Ile feni yenu mlifanyaje?" Majibu yanakuja, na picha juu. Mabosi hawajui, na wakijua wataita kuvujisha siri.

Mwaka juzi shuti yetu moja, mfereji wa kuteremshia mawe, ilikuwa inaziba usiku, mawe yanafurika kabla walioko chumba cha kuongozea hawajashtuka. Nikakumbuka kitu nilichokiona kwa Babu siku moja chai ilipopatikana haraka: kipande cha mkanda chakavu wa konveya, kinaning'inia mdomoni mwa shuti. Mawe yakianza kurundikana kinasukumwa nje, unakiona ungali mbali. Nikajaza fomu. Wao wakaongeza swichi nyuma yake, na miezi mitatu baadaye nikalipwa euro 400. Nusu nikamtumia mzee kwa simu.

Jioni akapiga.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Hela za nini hizi?"

Nikamweleza: shuti, kipande cha mkanda, fomu. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo uliwaambia?"

"Niliwaambia, Babu."

"Na kazi bado unayo?"