Ukiwa na mawazo, useme au unyamaze?

Mume wa shangazi yangu alifariki Tanga, siku ya Jumatatu alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi shangazi alikuwa ameshakisimulia kifo hicho si chini ya mara kumi. Kila aliyeingia msibani alivua viatu, akampa mkono wa pole, akakaa mkekani, kisha akauliza: "Ilikuwaje?" Naye akaanza upya. Alivyoamka kutawadha, alivyosema kifua kinambana, walivyoisubiri bajaji mpaka akaishiwa pumzi. Siku ya pili alikuwa anasimulia bila kumtazama mtu, sauti imekauka. Ndipo bibi mmoja jirani akajisogeza karibu yake, akasema chumba kizima kikasikia: "Anayetaka kujua ilikuwaje aje aniulize mimi. Huyu mwacheni anywe uji."

Namkumbuka bibi yule kila ninaposikia ushauri ambao sasa umeenea redioni, kwenye semina za kazini na kwenye makundi ya WhatsApp: usikae na jambo moyoni, ongea, ukiongea utapona. Ushauri huo una ukweli mkubwa. Lakini ni nusu ya maneno, na hiyo nusu iliyobaki ikisahauliwa, watu wanaumia.

Nianze na ukweli wake. Sisi tuna neno letu la ugonjwa huu, mawazo. Mtu akikonda, akikosa usingizi, akiacha kula, hatusemi ana sonona, tunasema ana mawazo. Washona wa Zimbabwe nao wana neno linalofanana nalo kwa maana, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alilijenga juu ya neno hilo jambo kubwa. Alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua kwa sababu familia haikuwa na dola 15 za nauli ya basi kumrudisha hospitalini Harare. Mwaka 2006 akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Aliwafundisha kusikiliza, wakawekewa mabenchi nje ya zahanati, na mwenye mawazo akawa anakaa na bibi badala ya kusubiri daktari ambaye hayupo.

Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016. Walishiriki watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliohudumiwa na wasikilizaji wa benchini waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 kwa kila 100. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50. Mpango huo umeshavuka mipaka na kufika Malawi na Zanzibar.

Hata anayeandika peke yake hupata nafuu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, aliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne, juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote. Katika miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Ila jambo moja husahaulika: mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi, si pungufu. Nafuu ilikuja baadaye.

Kimya nacho kinaua, hasa wanaume. Tuna msemo wa kufa na tai shingoni: mtu ameelemewa na madeni, ndoa imevunjika, lakini anatoka asubuhi kapiga pasi. Sheria zetu nazo zimechangia. Kenya, mpaka Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi Januari 2025, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Fikiria mtu aliyenusurika usiku, asubuhi anatakiwa achague: aseme ukweli ajichongee polisi, au afiche. Atasema nini zaidi ya "nilikosea dawa"?

Basi kwa nini bibi wa Tanga alikuwa sahihi?

Kuanzia miaka ya 1980 ulienea utaratibu wa kuwakusanya watu mara baada ya janga, wazima moto, manusura wa ajali, na kuwataka wasimulie yote waliyoona na walivyojisikia. Ulionekana ni utu mtupu. Uingereza, mwaka 1997, ilichapishwa taarifa ya watu 133 waliolazwa kwa kuungua moto. Miezi 13 baadaye, waliokuwa na madhara ya kudumu ya kisaikolojia walikuwa 26 kwa kila 100 miongoni mwa waliosimulishwa, na 9 kwa kila 100 miongoni mwa walioachwa. Waliosimulishwa walikuwa wameungua vibaya zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo tusiitwishe namba hiyo mzigo wote. Lakini tafiti za aina hiyo zilipopitiwa kwa pamoja mwaka 2002, hakukupatikana ushahidi kwamba kumsimulisha mtu katika kikao kimoja, kidonda kikiwa kibichi, kunamkinga. Misiba yetu hufanya jambo hilohilo, tena mara hamsini kwa siku, na kila muulizaji ana nia njema.

Halafu kuna kusema kusikokwisha. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza watu wanaocheua huzuni yao kama ng'ombe anavyocheua majani: kwa nini mimi, nina kasoro gani, angekuwa hivi ningekuwa vile. Akaonyesha kwamba kucheua huko kunairefusha sonona. Mwenzake, Amanda Rose, akagundua kwamba hata marafiki wawili hucheua pamoja. Katika utafiti wake wa mwaka 2007, wasichana waliokuwa wakizungumzia matatizo yao bila kikomo walizidi kupendana, na hapohapo wakazidi kuwa na huzuni na wasiwasi. Nadhani wengi tunalijua hilo kwa masikio yetu. Sauti ya WhatsApp ya dakika saba kuhusu yule mume, jibu la dakika tano, kesho tena, mwezi wa tatu sasa. Urafiki umekolea kweli. Na aliyeanza na jambo moja la kumuumiza ana manne.

Na tuseme wazi kuhusu umbea, maana wataalamu huupita haraka. Mtaani kwetu siri ni mali. Ukimwambia mtu kwamba mwanao anatumia dawa za kulevya, unaweza kuzikuta habari zako dukani kabla hujafika kununua chumvi. Wazee wa pwani walipofundisha sitara hawakuwa wanaogopa hisia, walikuwa wanawajua majirani. Anayenyamaza kwa sababu hiyo amepiga hesabu zake, na si haki kumwambia ana ugonjwa wa kujifungia.

Ninavyoona mimi, tunachanganya kimya cha aina mbili. Kuna anayejikataza hata kuwaza. Huyo hafiki mbali: mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akawa anawarudia kila dakika. Na kuna anayejua kabisa kilichompata, analia peke yake, anasali, anakwenda shambani, hataki tu kukieleza leo. Huyu hana haja ya kuokolewa. Anahitaji uji, na mtu wa kumkinga na maswali.

Kusema nako kuko kwa namna mbili, na hapa ndipo mabibi wa Harare wanaponifundisha zaidi ya vitabu. Hawaishii kusikiliza. Mgeni akishamwaga yote, wanachambua naye matatizo hayo, anachagua moja, wanatafuta hatua ndogo ya kuchukua juma hilo, kisha anarudi kueleza ilivyokwenda. Vikao havizidi sita. Mgeni anaondoka na kitu cha kufanya kesho asubuhi. Hilo ndilo ningependa liongezwe kwenye ule ushauri wa redioni, pamoja na kumwachia mwenye jambo achague siku na mtu wa kumwambia.

Shangazi alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha nilikwenda kumsalimia, nikamkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Nilikaa kwenye kigoda, sikumuuliza kitu. Baada ya kimya kirefu akasema, "Unajua, baba, bajaji ilichelewa kwa sababu yule kijana alikuwa anaswali." Akatoa jiwe, akalitupa. Tukanyamaza tena. Kisha akaniuliza kama cherehani ya marehemu inaweza kupata mnunuzi, ama ni bora ajifunze kuitumia mwenyewe.