Kabla Hujapandisha Sola Juu ya Paa

Kila anayenijia akitaka nyumba yake ipunguze kula umeme huanza na swali lile lile: nifunge sola ya ukubwa gani? Namwelewa. Sola inaonekana. Mpita njia anaiona ikimetameta juu ya paa, na mwenye nyumba anahisi ametimiza wajibu wake. Lakini mimi swali hilo huliweka kando, nikauliza langu: joto linaingilia wapi nyumbani kwako, na linatorokea wapi? Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo. Joto halionekani kwa macho, na hakuna anayelitangaza barabarani.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwa nyumba mambo yamegeuka: pakacha linavuja, na mchukuzi ndiye anayelipa kila mwezi. Ukifunga sola juu ya nyumba inayovuja joto, umelijaza upya pakacha lile lile.

Nitaanza na hesabu, kwa sababu bila hesabu tutabaki tukilaumiana kuhusu taa. Chaja ya simu ya kisasa ikiachwa kwenye soketi bila simu hula kama robo ya wati, au hata chini ya hapo. Iache humo mwaka mzima, usiku na mchana, itakuwa imetumia kilowati-saa (zile uniti za umeme) 2 na ushei. Sasa chukua mtu anayeoga maji ya moto kwa dakika 10 chini ya bomba la mvua linalotoa lita 10 kila dakika. Hizo ni lita 100. Kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 20 hadi nyuzi 40 kunahitaji kilowati-saa 2.3, na hapo bado hatujahesabu joto linalopotelea kwenye tangi na kwenye mabomba. Mwaka mzima wa chaja umemalizwa na mtu mmoja, asubuhi moja.

Sisemi uache chaja ukutani. Ichomoe, hakuna hasara. Linaloniuma ni kuona mtoto akikemewa kwa sababu ya chaja, huku hita ya maji ikiwaka kutwa nzima na hakuna anayeigusa. Mtoto huyo anakua akiamini kwamba kutunza mazingira ni kujinyima vitu vidogovidogo na kujihisi mwenye hatia, na vile vikubwa havitajwi hata mara moja.

Taa nazo ziliwahi kustahili kelele zote zile. Balbu ya zamani ya uzi iligeuza kama asilimia 5 tu ya umeme kuwa mwanga, iliyobaki yote ikawa joto. Leo taa ya LED ya wati 9 inamulika sawa na balbu ya wati 60. Watatu waliofanikisha LED ya bluu, iliyotufungulia njia ya mwanga mweupe, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na walistahili. Kama bado una balbu ya uzi, ibadilishe leo. Ukishaibadilisha, mjadala wa taa kwako umekwisha.

Kilichonifumbua macho mimi ni mita. Usiku mmoja niliandika namba kabla ya kulala, nikaandika tena alfajiri kabla mtu hajagusa swichi. Watu wote walikuwa wamelala, lakini nyumba ilikuwa imekula sana. Nilizunguka nikisikiliza na kushikashika vitu, hadi nikafika kwenye tangi la maji ya moto. Usiku kucha lilikuwa likijiwasha na kujizima ili kulinda joto la maji ambayo hakuna aliyeyahitaji hadi kupambazuke. Ukiliweka mkono kwa nje, lilikuwa na uvuguvugu. Uvuguvugu ule ndio nilikuwa nikiulipia. Nililifunika blanketi lake, mabomba ya moto nikayavika mpira wa kuhami joto, nikashusha kidhibiti hadi nyuzi 60. Sikushusha zaidi ya hapo, kwa sababu maji yanayokaa vuguvugu tangini ni makazi mazuri ya bakteria wanaoitwa Legionella, wanaosababisha ugonjwa wa mapafu.

Tangu hapo nimekuwa na kipimo kimoja rahisi: chombo chochote ambacho kazi yake ni kuleta joto au kuliondoa, hicho ndicho cha kutazama kwanza. Hita ya maji, hita ya chumba, kiyoyozi, friji, jiko, pasi, mashine ya kukaushia nguo. Hivi vingine vinavyomeremeta na kutoa sauti, televisheni na redio na simu, mara nyingi ni wadogo zao. Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) linakadiria kuwa matumizi ndani ya majengo huchukua kama asilimia 30 ya nishati yote inayowafikia watumiaji duniani. Sehemu kubwa ya nishati hiyo inakwenda kupasha na kupoza.

Basi twende kwenye nyumba yenyewe. Jua la mchana, anga ikiwa wazi, humwaga kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba inayolielekea. Paa la mita za mraba 80 linapokea, kwa wakati huo, nguvu ya hita themanini za wati 1,000. Paa la rangi nyeusi hunywa karibu zote, na linaweza kupita nyuzi 60, kisha hulimimina joto hilo darini jioni nzima hata jua likishazama. Paa jeupe hurudisha sehemu kubwa angani. Ndiyo maana, kwa aliye kwenye joto, rangi nyeupe juu ya paa naiona kazi ya maana kuliko kiyoyozi cha pili. Inataka kuoshwa vumbi tu. Aliye kwenye baridi kali hana haraka nayo. Yeye ashughulike na dari.

Darini ndiko wengi wanakokosea. Kinachozuia joto hasa ni hewa iliyotulia. Pamba, sufu, sponji, nyuzi za karatasi, vyote vinafanya kazi moja: kuishika hewa katika vijumba vidogo isitembee. Ukivigandamiza vikabanana, umeifukuza hewa na umepoteza ulichonunua. Karatasi ya alumini nayo hufanya kazi kwa njia nyingine, ya kurudisha mionzi, na ili ifanye hivyo lazima upande mmoja uwe na nafasi ya hewa. Nimeona imebandikwa imegusana na bati juu na mbao chini. Alumini ikigusana hivyo inapitisha joto vizuri kabisa, kama sufuria.

Madirisha yana siri yao. Kioo hupitisha mwanga wa jua, mwanga unagonga sakafu na viti, navyo vinapata moto na kutoa mionzi ya aina nyingine, yenye mawimbi marefu zaidi, ambayo kioo hakiipitishi. Joto limeingia, mlango umefungwa. Kwa hiyo pazia la ndani, hata liwe zito namna gani, linamkamata mwizi akiwa tayari sebuleni. Kivuli kinatakiwa kiwe nje: upenu mrefu, kibao cha kukunja, mkeka unaoteremshwa, mmea unaotambaa. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yenye taabu zaidi, kwa sababu jua huko liko chini na linachungulia chini ya upenu. Na kwenye nchi zenye majira ya baridi, mti unaopukutisha majani ni fundi asiyelipwa. Kiangazi unakupa kivuli, baridi ikija unavua majani na kukuachia jua liingie.

Kisha kuna nyufa. Washa kijiti kinachofuka moshi siku yenye upepo, ukipitishe taratibu pembeni mwa milango, madirisha, na pale mabomba yanapopenya ukutani. Moshi ukiyumba, hapo ndipo. Mpira wa kuziba na silikoni ni kazi ya mchana mmoja. Wajerumani wameufikisha mbali ustadi huu: nyumba za kwanza za mtindo wa Passivhaus zilijengwa Darmstadt, zikakaliwa mwaka 1991, na kiwango chake kinaruhusu kilowati-saa 15 tu za kupasha kwa kila mita ya mraba kwa mwaka mzima. Hawakufanya muujiza wowote. Walihami vizuri, wakaziba vizuri, wakaweka njia ya makusudi ya hewa safi. Hilo la mwisho usilisahau. Kama ndani kuna kitu chochote kinachowaka moto, iwe mkaa, kuni au gesi, kuziba nyumba bila kuacha njia ya hewa ni hatari ya kifo. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na haigongi hodi.

Ukishazuia joto kuingia, mara nyingi feni inatosha. Feni ya dari huvuta kama wati 50 hadi 70, kiyoyozi kidogo cha chumbani huvuta kama wati 1,000 kikiwa kazini. Ila feni haipozi chumba, inampoza mtu kwa kumkausha jasho. Kuiacha ikizunguka kwenye chumba kitupu ni kukipasha chumba hicho, maana mota yake inatoa joto.

Kwa wenye baridi, jambo kubwa la miaka hii kwa maoni yangu ni pampu ya joto. Hita ya kawaida ya umeme haiwezi kukupa joto zaidi ya umeme ilioutumia. Pampu ya joto haitengenezi joto, inalihamisha kutoka nje kuja ndani, kama friji iliyogeuzwa mgongo. Kwa kilowati-saa moja ya umeme inaweza kukupa tatu au nne za joto. Na hata hiyo, ukiiweka kwenye nyumba inayovuja, utalazimika kununua kubwa kuliko unayoihitaji.

Jikoni nitapita haraka. Maji yakishachemka yanabaki kwenye nyuzi 100, uwe umeongeza moto au umepunguza. Kilichoongezeka ni mvuke tu. Funika sufuria, punguza moto. Sufuria ya presha hufika karibu nyuzi 120, ndiyo maana inaivisha upesi. Kwa zaidi ya watu bilioni 2 ambao, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, bado wanapikia moto wa wazi au majiko yanayofuka moshi, jiko bora ni suala la mapafu ya mama na watoto kabla halijawa suala la umeme. Hao siwezi kuwahubiria kuhusu kubana matumizi.

Friji nayo ina jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Zile nyingi za zamani zina gesi ya R-134a, ambayo kilo yake moja ikivuja hupasha dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii hiyo, na mafriji mapya mengi sasa yanatumia R-600a, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana. Kwa hiyo usikwangue barafu kwa kisu, unaweza kutoboa bomba. Na friji ikifa, fundi aitoe gesi kwa mashine yake kabla haijapelekwa kwenye vyuma chakavu. Kuifungulia hewani ni kuharibu kwa dakika moja ulichookoa kwa miaka.

Nimeandika yote haya kana kwamba kila msomaji ana nyumba yake. Wengi wamepanga. Mpangaji anaweza kuziba nyufa na kuteremsha mkeka dirishani, lakini paa si lake, dari si yake, tangi si lake. Mwenye nyumba ndiye anayeweza kurekebisha, na bili hailipi yeye. Hapo wito wa kujitolea haufiki popote, na nimechoka kuusikia. Panahitajika sheria. Ufaransa, tangu Januari 2025, nyumba za daraja G, la chini kabisa kwa matumizi ya nishati, haziruhusiwi kupangishwa kwa mikataba mipya. Uingereza na Wales zilianza mwaka 2018 kudai nyumba ya kupanga ifike angalau daraja E. Sheria hizo zina mianya, na zimelalamikiwa na wenye nyumba. Hata hivyo zimeliweka jukumu kwa aliyeshika nyundo.

Sasa, sola. Funga, ndiyo, kwa moyo wangu wote. Ikiwa umeshapitia paa, madirisha, nyufa na tangi, utahitaji paneli chache kuliko ulizopigiwa hesabu mwanzoni, na betri ndogo. Mwambie fundi aache nafasi ya hewa kati ya paneli na paa. Paneli hupungukiwa nguvu kama asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, hivyo upepo unaopita chini yake ni umeme. Nafasi hiyo hiyo hufanya paneli ziwe mwavuli, na paa lililo chini yake halichomwi tena na jua la mchana.