Fundi, Projekta Imegoma

Mtu akishaitwa fundi, basi tena. Hakuna anayeuliza fundi wa nini. Mimi nina kibanda chini ya mwarobaini, Barabara ya 12 hapa Ngamiani, mjini Tanga, naziba pancha. Ujuzi wangu wote unaanzia kwenye pampu na kuishia kwenye cheni. Lakini nyumba ya pili pasi ikifa, inaletwa kwangu. Saa ya ukutani ikisimama, kwangu. Mwaka jana alikuja mzee mmoja na meno yake ya bandia ndani ya leso, yamekatika katikati. Nikamwambia, "Mzee wangu, solusheni hii haipatani na chai ya moto." Akanijibu kwamba yeye chai huwa anaiacha ipoe.

Sasa Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, nimepindua baiskeli ya muuza samaki, natafuta tundu la tyubu ndani ya beseni la maji, mara namwona binti yangu anakuja mbio na sare zake. Yuko darasa la sita. Nikajua kuna msiba.

"Baba, Mwalimu Mkuu anasema uje sasa hivi. Uje na spana."

"Spana namba ngapi?"

"Hakusema. Projekta imegoma, na wageni wanafika saa nne."

Projekta hiyo naifahamu kupitia mfukoni mwangu. Ililetwa bure, msaada. Nimeshapewa vingi vya bure katika maisha yangu, ila bure hii ndiyo ghali kuliko zote. Kikao cha kwanza tukaambiwa chombo cha thamani hakiwezi kukaa chumba kisicho na nondo, kila mzazi elfu 5. Kikao cha pili, nondo bila kufuli ni ngazi ya mwizi, elfu 2. Ukaja waya wa kuunganishia. Ikaja meza, maana mheshimiwa huyu hakai juu ya dawati kama mtoto wa mtu. Mapazia nayo. Mwisho akaajiriwa mlinzi wa usiku. Binti yangu anasoma shule hii tangu darasa la awali, na hajatokea hata mmoja wa kusema jamani huyu naye atafutiwe mlinzi.

Jumla nimetoa elfu 23, na projekta yenyewe sijawahi kuiona. Ilikuwa inakaa kabatini ofisini, imevalishwa mfuko wa plastiki na juu yake kitambaa cha kufuma, kama zile sahani za mama mkwe. Zipo, zinasifiwa, hazijawahi kuliwa na mtu.

Nikamwachia muuza samaki tyubu lake mkononi, nikampakia binti kwenye keria, tukashika njia. Na mimi nikiwa juu ya baiskeli ndipo huwa nanung'unika vizuri.

Nimezaliwa 1974. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sisemi kwamba ilikuwa kwa sababu yangu, ila tulikuja pamoja. Televisheni huku Bara tumeipata 1994, mimi nimeshaota ndevu. Zanzibar pale ng'ambo walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi; wenzetu wanatazama, sisi tunahadithiwa. Teknolojia ya darasani kwetu ilikuwa redio moja ya betri. Siku ya kipindi cha shule cha Redio Tanzania, mwalimu anaiweka mezani, anavuta antena, anaizaba kofi moja la heshima, watoto 60 tunatulia tuli. Betri zikichoka zinaanikwa juani kama dagaa. Na kengele ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa mwembeni. Mjerumani alipoanza kuijenga reli ya Tanga mwaka 1893 hakujua kwamba anatuletea kengele. Kipande kile sikuwahi kusikia kimeishiwa chaji.

Siku hizi mwalimu wa darasa ana kishikwambi. Neno hili lilinisumbua sana. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa wa kuku. Kumbe ni kile kibao cha kioo. Tena tunafahamiana nacho. Agosti 2022, wakati wa Sensa, karani alikuja nyumbani na kibao hichohicho, akaniuliza nina baiskeli ngapi. Nikamwonyesha uani, zimelala 14. Akaandika. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi, anapiga kelele kwamba zile ni za wateja, yetu ni moja, na hiyo moja haina breki. Karani akafuta, akaandika upya. Nchi nzima tukahesabiwa watu 61,741,120, na kazi ilipoisha vishikwambi wakapewa walimu. Kwa hiyo kilichonihesabu mimi ndicho sasa kinachomfundisha mwanangu. Nikipita pale shuleni naona haya kidogo. Kinajua mambo yangu.

Kazi za nyumbani nazo zimehama daftari. Zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, saa mbili usiku. Mimi natumia kiswaswadu: kinapiga, kinapokea, kina tochi, na tochi ndiyo inayonifaa kuliko watu wengi wanaonipigia. Simu ya kupangusa anayo mama watoto. Sasa angalia. Mtoto haruhusiwi kwenda shule na simu, sawa, kanuni ni kanuni. Lakini kazi aliyopewa na shule iko ndani ya simu. Basi anayesoma darasa la sita ni mama yake. Na kuipata hiyo kazi ni kazi nyingine, maana kundini kuna dua ya asubuhi, kuna anayetangaza vitumbua, kuna mtu kajifungua na watu 80 wanampa hongera mmoja mmoja, halafu chini kabisa, kama sindano kwenye godoro, unakutana na "chora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula."

Mwezi uliopita wakaambiwa watafute habari za mkonge. Mkonge! Hapa Tanga! Nikasema zima hilo lisimu, marehemu babu yako amekata mkonge mpaka vidole vikapinda, niulize mimi. Hakuniuliza. Akala bando la elfu moja la mama yake, na mimi nikanuna zangu pembeni. Halafu akaja kunisomea. Kwamba mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, miche 1,000 kutoka Florida kule Marekani, ikafika hai 62 tu, ndiyo ikapandwa upande wa Pangani. Nikanyamaza. Maisha yangu yote nafungia mizigo kwa kamba za mkonge, nilidhani ni wetu tangu enzi za Nuhu. Ile elfu moja nikaisamehe palepale. Usiku nikawa napiga hesabu kitandani: shule yetu iliwahi kupewa kompyuta 10, inayowaka ni 1. Hindorf katika kila mia alibakiwa na 6 na kidogo. Sisi katika mia tunabakiwa na 10. Nikamwamsha mama watoto kumwambia tumemshinda Mjerumani. Hakufurahi.

Basi tukafika. Chumba kimejaa watoto, walimu na wajumbe wa kamati. Na jua. Madirisha ni nondo na wavu, na jua la Tanga likishapanda halipigi hodi. Projekta iko juu ya meza yake, hiyo meza yangu ya elfu 4. Nikaigusa ubavuni, ina moto. Nikatega sikio, feni inazunguka. Nikaziba kioo chake kwa kiganja, mwanga ukanijaa kwenye vidole mpaka nikaona wekundu wa damu.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "chombo hiki kizima. Bovu ni jua."

Ilikuwa inawaka tangu asubuhi, hakuna aliyeona. Kuwasha kile kitu mchana kweupe ni kama kuwasha kibatari uwanja wa mpira. Nikauliza, mapazia yako wapi? Tulichanga. Mwalimu anayeshika fedha akapata kikohozi kikali, akatoka nje kukohoa, na hakurudi mpaka mambo yalipoisha.

Wakina mama wa kamati, Mungu awazidishie, wakatuma watoto nyumba za jirani, zikaja khanga. Tukazifunga kwenye nondo moja baada ya nyingine. Ile kubwa ikaangukia dirisha lililo jirani na ukuta wa picha, jina lake linasomeka hadi nyuma ya darasa: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Sikusema kitu. Giza likaingia, joto likaingia nalo, tukakaa mle kama maandazi yanayosubiri kuumuka.

Wageni wakafika saa nne na robo, watatu, mmoja amevaa koti. Mwalimu wa sayansi akafungua kompyuta mpakato. Ikamdai nywila. Mwalimu kasahau nywila. Bibi mmoja wa kamati akanong'ona, "Nywele za nani?" Ikatafutwa nywila, ikakutwa imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa kabati, pamoja na tarehe ya kupata chanjo ya paka wa Mwalimu Mkuu. Ikakubali. Halafu ukutani yakatokea maandishi makubwa ya kusema subiri, najihuisha, usinizime. Asilimia 1.

Watoto wameambiwa leo watasoma ukutani, basi wakasoma.

"Mbili!" darasa zima. Kimya. "Tatu!"

Mwalimu akataka kuwanyamazisha, akaona wageni wanatikisa kichwa kwa kuridhika, akawaacha. Kwenye 40 mgeni alifungua kifungo cha koti. Kwenye 65 mtoto mmoja akaomba ruhusa ya chooni, akaenda, akarudi, tuko 66. Muuza samaki alinijia akilini na samaki wake. Kwenye 90 watu wakaanza kukaa vizuri, hata mimi, nakiri, nilikuwa naita pamoja nao. Tisini na tano! Tisini na sita! Tisini na saba!

Umeme ukakatika.

Chumba kikaguna kama uwanja mzima penalti ikigonga mwamba. Betri ya ile kompyuta ilishakufa zamani, inaishi kwa waya tu kama mgonjwa wa dripu. Feni ikalia kidogo, ikanyamaza. Na gizani humo, jamani, nikahisi macho yote yananigeukia.

"Fundi," akasema Mwalimu Mkuu kwa sauti ya upole, "ile baiskeli yako si ina dainamo?"

Mimi nimesimama na spana namba 13 mkononi. Nikajibu kwa adabu, kwa sababu ya wageni, kwamba dainamo ya baiskeli ni wati 3. Inawasha taa ya mbele na kataa kekundu ka nyuma, hapo imemaliza. Mvulana mmoja kainama nyuma ya projekta na kukisoma kibandiko: wati 300. Binti yangu, hakuna aliyemtuma, akaokota chaki.

"Hatuoni ubao!" wakalalamika wa nyuma. Ikabidi khanga zifunguliwe.

Mia tatu gawanya kwa tatu. Baiskeli 100. Mwingine akapaza sauti, na kompyuta je? Wakaisoma chaja yake, wati 60. Zikaongezeka 20. Baiskeli 120. Nikasema kwa Ngamiani baiskeli 120 nazikusanya kabla ya adhuhuri, hilo lisiwatie shaka, kazi ni nani atazikanyaga. Binti akageuka, chaki imemjaa mpaka kwenye kope, akasema, "Darasa letu tuko 118."

"Na mimi," akasema mwalimu wa sayansi.

Kimya kidogo. Vichwa vyote vikamgeukia mgeni mwenye koti. Akalivua, akalitundika kwenye nondo, akasema haya, wa 120 ni mimi. Watoto walivyopiga kelele! Kuna kimoja cha mbele, kifupi, kikanyoosha kidole kuuliza: dainamo ni volti 6 na ukutani ni volti 230, sasa zitaunganishwaje? Mwalimu akasema hilo mtalikuta sekondari. Nilimshukuru moyoni, maana nilishaona jicho la Mwalimu Mkuu linanitafuta tena.

Wageni wakapiga picha ubao. Mmoja akaandika kwenye daftari la wageni, nikachungulia begani mwake: somo zuri la matumizi ya teknolojia. Nikaikumbuka elfu 23 yangu. Kipande cha chaki sijui siku hizi kinauzwa bei gani.

Waliondoka saa sita kasoro. Gari lao halijakata kona, umeme ukarudi. Mimi nimeshapanda baiskeli, niko getini. Nyuma yangu khanga zinarudishwa madirishani, halafu zikapaa sauti 118 kwa pamoja:

"Moja!... Mbili!..."

Na juu ya hizo, sauti ya Mwalimu Mkuu: "Fundi! Fundi, hebu simama mara moja!"

Ningesimama. Lakini kishikwambi ni shahidi, baiskeli yangu haina breki.