Kipaimara si Harusi Ndogo, Tuachieni Hema Letu

Msimu wa kipaimara umepamba moto na magrupu ya WhatsApp yanazaliana. Hakuna anayekuuliza, ukiamka unakuta umo. Picha ya mtoto ndani ya gauni jeupe, chini yake uongozi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ya ukumbi, kamati ya mapambo, kamati ya vinywaji. Kadi ya mtu mmoja laki moja, ya wawili laki na nusu, "tunaomba ahadi zenu wapendwa, Mungu awabariki mnapoguswa." Kila jioni mweka hazina anabandika orodha upya. Walioguswa wana tiki ya kijani. Sisi ambao bado hatujaguswa tumebaki na majina matupu, ukoo mzima unayaona.

Hayo nimeyazoea. Kilichoniwasha safari hii ni ujumbe wa sauti wa ndugu mmoja wa ukweni (simtaji, anajijua), baada ya mume wangu kuweka picha zetu za kulala kwenye hema katika msitu wa Magamba kwenye grupu la ukoo. Kifupi chake ni kwamba kifungua mimba wa nyumba ile amepata kipaimara, na badala ya kumfanyia sherehe ya maana, wazazi wake wamempeleka kulala msituni "kama wakimbizi". Tena Lushoto! Mahali ambapo nyumba ya babu ipo, vitanda vipo, mablanketi yapo. Akamalizia kwa kuuliza kwa upole wa kinafiki kama kuna shida ya kifedha tumeificha, au ndiyo tumehamia kwenye dhehebu jingine.

Hatujafilisika. Na dhehebu ni lile lile, Kanisa la Kilutheri, KKKT, bahasha tunatoa, jumuiya tunakwenda.

Sasa ngoja niseme. Mwaka jana nilikaa kwenye ukumbi mmoja hapa Dar, kipaimara cha mtoto wa rafiki. Mtoto wa kiume, suti ya kukodi, mabega yamempwaya. Amekalishwa meza kuu tangu saa kumi na mbili jioni, nyuma yake vitambaa na taa za rangi, pembeni msimamizi wake naye ndani ya suti. Utambulisho wa upande wa baba ulichukua karibu saa nzima. Ukaja wa upande wa mama. Zikaja kamati. MC akamwita "bwana harusi mtarajiwa" watu wakacheka, akamlazimisha acheze. Ilipofika zamu ya zawadi, foleni ya kuserebuka ikiwa imefika mlangoni, nilimwangalia yule mtoto: kichwa kimelala juu ya mkono, mdomo wazi, yuko usingizini mbele ya keki yenye msalaba. Mama yake mdogo akaenda kumtikisa ili apige picha na watu wa ofisini kwa baba yake.

Watu wa ofisini kwa baba yake! Nakuuliza, ile siku ilikuwa ya nani?

Mtoto amesoma mafundisho miaka miwili. Kila Jumamosi asubuhi wenzake wakiwa wamelala, yeye yuko kanisani anakariri Amri Kumi, Imani, Baba Yetu, Ubatizo, Meza ya Bwana. Amesimama mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa akaulizwa maswali magoti yakigongana. Asubuhi hiyo amepiga magoti madhabahuni, amewekewa mikono, kwa mara ya kwanza amekula mkate na kunywa divai pamoja na sisi watu wazima. Jambo zito hilo. Halafu kufikia saa nane mchana limekwisha, limemezwa na ukumbi, na hakuna mtu hata mmoja, kuanzia baba hadi MC, aliyemuuliza: mwanangu, umejisikiaje pale mbele?

Na hapa ndipo sisi Walutheri tunapochekesha zaidi. Katekisimu Ndogo tunayowakaririsha, Luther aliitoa mwaka 1529 baada ya kuzungukia sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui lolote, wachungaji nao wakiwa hoi. Kila sehemu aliiwekea kichwa kinachosema jinsi mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake, kwa lugha nyepesi. Mkuu wa nyumba! Kazi ilikuwa ya baba na mama, mezani na kitandani, asubuhi na jioni. Sisi tumemwachia mwinjilisti mafundisho, tumemwachia MC furaha, sisi wenyewe tumebaki na kazi ya kukusanya michango. Wengi wetu tukijitahidi sana tunamkaririsha mtoto huku tunakoroga mboga, yeye anasoma, sisi tunaitikia "ehee, endelea," hata hatusikii alichosema.

Basi nyumbani kwetu tukaamua kila hatua ya imani ya watoto tuende kuilalia nje. Wazo ni la mume wangu, amekulia milimani. Mtoto akihitimu Sunday school, tunabeba hema. Siku ya ubatizo wa kitinda mimba tulipoikumbuka kwa mara ya kwanza, tulibeba hema. Na kipaimara cha binti yetu mkubwa kilipofika tulifanya hivi: ibada, chakula cha mchana nyumbani na msimamizi wake, mabibi na majirani wachache, pilau, kachumbari, soda, basi. Alfajiri ya kesho yake tukaingia barabarani: Chalinze, Segera, Mombo, halafu ile barabara ya kona inayopanda kupitia Soni. Njiani tulinunua mapichi kwenye ndoo, yakaisha kabla hatujafika Lushoto mjini.

Magamba ni msitu wa hifadhi, uko juu ya mji wa Lushoto, na mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Dar mwezi wa kumi na mbili unadhani umebadilisha nchi. Ukungu unashuka mchana kweupe, minazi huioni, unaona miti yenye ndevu za kuvumwani. Milima hii ya Usambara, kwa wasiojua, Injili imeizoea. Mmisionari Krapf aliipanda kwa miguu mwaka 1848 kwenda kumwona Kimweri, mfalme wa Wasambaa, kule Vuga, na wamisionari wa Kijerumani wa Betheli wakaweka kituo Mlalo mwaka 1891. Kwa hiyo ukiniambia kupeleka mtoto wa Kilutheri Usambara ni kumpeleka porini, nakushangaa.

Mvua ya vuli ilitukuta tukigonga vigingi. Si manyunyu, mvua. Mume wangu anavuta kamba upande mmoja, mimi na binti tunashikilia turubai upande wa pili, wawili wadogo wamejibanza chini ya mwavuli mmoja wakigombana nani anamsukuma mwenzake. Tulipofaulu kuingia ndani tumelowa hadi soksi. Jiko la gesi likawashwa barazani kwa hema, chai ya tangawizi, chapati za kutoka nyumbani zilizokakamaa. Binti akavua viatu, akavigeuza, maji yakamwagika. Akavitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mama, kumbe viatu vimo kwenye Katekisimu."

Sikumwelewa. Akaanza kukariri, yale maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani: kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote, kanipa mwili na roho, macho na masikio, na bado ananipa nguo na viatu, chakula na kinywaji, nyumba... Alipofika kwenye viatu akacheka. Alikuwa ameyasema maneno hayo mbele ya wazee wa kanisa bila kukosea hata herufi na hayakuwahi kumgusa. Sasa alikuwa na miguu ya baridi na akawa anataka kujua kwa nini Luther alitaja viatu.

Tuliongea kuhusu viatu hadi taa ikazimwa. Sitanii.

Usiku komba wakaanza. Mwenye kumsikia komba anajua, analia utadhani mtoto mchanga ametupwa. Ikaja zamu ya sala na kitinda mimba, ambaye hajawahi kukubali kusali kwa sauti mbele za watu, akasema ataanza yeye. Sala yake yote hii hapa: "Mungu asante kwa hema, asante kwa chapati, na huyo anayelia mwambie anyamaze, amina." Kwenye kitabu cha nyumbani kwetu hiyo imeandikwa na tarehe yake. Hakukuwa na mpiga picha.

Halafu wadogo wakalala, mvua ikatulia kidogo, na gizani binti akauliza, kwa sauti ya chini, "Mama, nyinyi mnaamini kweli, au mmezoea?"

Swali hilo amekaa nalo, alituambia baadaye, tangu mwaka wa kwanza wa mafundisho. Darasani huulizi, mwinjilisti atasema una roho ya mashaka. Nyumbani huulizi, mama yuko jikoni, baba yuko kwenye simu, televisheni inapiga kelele. Ukumbini ungemuuliza nani, MC? Ndani ya hema hakuna pa kukimbilia. Hakuna chumba cha pili, mtandao umekatika, nje kuna baridi na giza. Baba yake alinyamaza muda mrefu, kisha akamwambia kuhusu mwaka aliofariki baba yake, jinsi alivyoingia kanisani kila Jumapili akiwa amemkasirikia Mungu na akiimba hivyo hivyo. Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo yote, na nimeolewa naye miaka. Nilichojibu mimi ni chake binti yangu, hapa sikiandiki. Ila hicho ndicho kipaimara chake. Mikono aliyowekewa madhabahuni ilifika hadi kwenye lile hema.

Mnaniambia nikibadilishe na kamati ya mapambo?

Wengine wanasema eti kulala kwenye hema ni mambo ya kizungu. Haya. Wazee wetu waliolala dungu shambani kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, walikuwa wazungu? Wavuvi wanaokwenda dago wiki nzima wanalala ufukweni chini ya matanga, wazungu? Ibrahimu alipiga hema kati ya Betheli na Ai akajenga madhabahu, Waisraeli wakaamriwa wakae vibandani siku saba kila mwaka ili watoto wasisahau walikotoka. Na majirani zetu Wasabato, jamani, tuwape haki yao: makambi yao kila mwaka hayakosi, na vijana wao wa Watafuta Njia wanafunga fundo, wanawasha moto na kutaja vifungu vya Biblia kwa mpigo mmoja. Sisi vijana wetu wanajua kushika mstari wa kuserebuka.

Haya, nakubali, shingo upande. Sherehe ina lake. Kuna bibi ambaye hatapanda Magamba na anataka amwone mjukuu wake ameketi mahali pa heshima kabla hajafumba macho. Kuna ndugu wanaokutana kwenye kipaimara na msiba tu, na afadhali kipaimara. Na mchango huo huo tunaoulalamikia ndio umesomesha wengine. Sawa. Pigeni pilau, alikeni watu, imbeni. Ila saa nne usiku mtoto awe amelala kitandani, si juu ya keki.

Gharama? Hema letu ni la mtumba, na kiingilio, mafuta ya gari na chakula vyote kwa pamoja havikufikia bei ya ukumbi bila viti. Usalama? Nenda kwenye hifadhi yenye kambi rasmi na walinzi, usijifanye Daudi mapangoni. Na wale wanaopanda milima ya maombi wakishuka wanaacha chupa za maji zimetapakaa, nao nawaona: viumbe vyote ni pamoja na huo mlima.

Alfajiri tuliamshwa na mbega. Kijana wa Kisambaa aliyekuwa akituongoza alitutahadharisha, lakini mngurumo ule hauuzoei kwa kuambiwa; unaanza mti mmoja, unajibiwa bonde la pili, msitu mzima unaitikia. Watoto walitoka na mablanketi mabegani wakasimama wima. Hakuna aliyesema kitu, hata wa katikati ambaye kunyamaza kwake ni miujiza.

Na kwa taarifa ya yule ndugu, wakimbizi wenyewe tulihudumiwa vizuri. Saa moja asubuhi bodaboda ilifika getini na chupa mbili za chai, mihogo ya kuchemsha na blanketi zito, vyote vimetumwa na mama mkwe kutoka mjini, pamoja na ujumbe kwamba amesikia mvua usiku kucha hakulala. Nilimpigia kumshukuru. "Asante sana, mama, umetuokoa." Akaniuliza watoto wamekula? Mjukuu wake mkubwa amesali? Halafu akashusha sauti, akauliza kama huko kambini kuna choo cha kukaa.

Nikamwambia ukweli, ni cha kuchuchumaa. Kipaimara cha wa pili ni mwakani. Amesema atafikiria.