Taarifa za Uppsala si hesabu ya waliodhurika

Wanaoikosoa kanzidata ya kimataifa ya madhara ya dawa na chanjo, inayotunzwa Uppsala, Sweden, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulioanza 1968, na kutaka nchi ziache kuitumia taarifa, hawasemi uongo kuhusu kasoro zake. Taarifa nyingi humo ni nusunusu, nyingine zimeingia mara mbili, na haijulikani ni watu wangapi walitumia dawa husika.

Ila haikuundwa ili kuhesabu. Kazi yake ni kuibua shuku mapema, na hapo ndipo nchi ndogo haijitoshelezi. Ukifanya jaribio la watu 3,000 na asidhurike hata mmoja, bado dhara lenyewe laweza kuwa linampata mtu 1 kati ya 1,000. Likiwa la 1 kati ya 10,000, unahitaji watu 30,000 ili uwe na uwezekano wa asilimia 95 wa kuliona walau mara moja. Na hiyo mara moja haisaidii kitu: daktari ataandika ugonjwa wa kawaida na kumwita mgonjwa anayefuata.

Chanjo ya virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, iitwayo RotaShield, iliidhinishwa Marekani 1998. Julai 1999 ilisimamishwa kwa taarifa 15 za watoto ambao kipande cha utumbo kilijiingiza ndani ya kingine. Oktoba ikaondolewa sokoni. Baadaye hatari ilikadiriwa kuwa takriban 1 kati ya 10,000. Marekani huzaliwa watoto mamilioni kila mwaka. Nchi inayochanja watoto 50,000 ingepata watano, tena kila mmoja hospitali yake.

Hoja nzito zaidi ya wakosoaji iko hapohapo. Uamuzi ule ulipimwa kwa hali ya Marekani, ambako rota huua kwa nadra. Kwingine iliendelea kuua watoto mamia ya maelfu kwa mwaka, na chanjo mbadala zikaja miaka kadhaa baadaye. Lakini hilo ni kosa la kuazima mizani ya mwingine. Kuacha kutuma taarifa hakulitibu.

Kinachofaa kukaziwa ni fomu ya kutolea taarifa. Watoto kadhaa wa kliniki moja wakihara, wakitapika na kupata homa kali saa chache baada ya chanjo ya surua, shuku ya kwanza ni chupa ya chanjo, ambayo ni unga, iliyochanganywa na kimiminika ikaachwa zaidi ya saa 6, bakteria wakazaliana. Fomu isipokuwa na saa ya kuchanganya, saa ya dalili na namba ya toleo la chanjo, kosa la mchanganyaji litasomeka Uppsala kama dhara la chanjo.