Nani Aliingia Nyumba ya Nani: Tuisikilize Upya "A Boy from Tandale"

Machi 14, 2018, Diamond Platnumz, mwimbaji wa Bongo Fleva (muziki wa kizazi kipya wa Tanzania), aliizindua albamu yake ya tatu, "A Boy from Tandale". Uzinduzi ulifanyika Nairobi, na kati ya waliokuwepo ni Omarion, mwimbaji wa Marekani aliyeshirikishwa kwenye "African Beauty". Wiki mbili hivi kabla ya hapo, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilikuwa imevitaka vituo vya redio na televisheni Tanzania visipige orodha ya nyimbo zilizoelezwa kuwa zinakiuka maadili. Mbili zilikuwa zake, "Hallelujah" na "Waka", na zote zimo kwenye albamu hiyo. Kwa maana nyingine, mtoto wa Tandale, mtaa wa Dar es Salaam, alizindua kazi yake nje ya nchi huku sehemu ya kazi hiyo ikiwa haipigwi kwao.

Ubishi ulioanza siku zile nimeusikia vijiweni mpaka leo. Wapo wanaosema albamu ile ilifungua njia kwa Bongo Fleva nzima. Wapo wanaosema ilikuwa sherehe ya wageni, mwenyeji kasimama mlangoni anapokea makoti. Nimekaa na albamu hiyo miaka mingi na naamini pande zote mbili zina hoja, ila hazigombani juu ya jambo lenyewe.

Nianze na wanaomtetea, maana vijana wengi hawajui hali ilivyokuwa. Miaka ya 2000 mwanzoni, msanii alipimwa kwa albamu. Professor Jay alipotoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001, mtu alinunua kaseti, akaisikiliza upande A, akageuza, akamaliza upande B. Baadaye biashara ya kaseti ikafa. Zikaja CD za kuchoma, halafu flashi na memori kadi. Unakwenda kwenye kibanda, kijana ana kompyuta moja na spika mbili, unampa memori kadi yako, anakujazia nyimbo kwa bei isiyozidi sana ya soda. Anakuuliza unataka za nani na za aina gani. Swali la unataka albamu ipi halimo kabisa. Katika mazingira hayo wasanii wakaona albamu ni hasara, bora singo moja moja na video yake. Diamond mwenyewe, baada ya "Kamwambie" mwaka 2010 na "Lala Salama" mwaka 2012, alikaa takriban miaka sita bila albamu, na hiyo ndiyo miaka aliyokuwa juu kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo msanii mkubwa kuliko wote nchini kurudi kwenye albamu, tena kupitia Universal Music, kulikuwa na uzito. Tusimpe sifa zote peke yake, maana Vanessa Mdee alishatoa "Money Mondays" Januari ya mwaka huohuo. Ila baada ya hapo wakafuata Harmonize na "Afro East" mwaka 2020, kisha Rayvanny na Alikiba mwaka 2021. Mlango uliokuwa umefungwa ukawa wazi.

Sasa upande wa pili. Lawama ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya nyimbo zilikuwa zinajulikana tayari. Remiksi ya "Number One" na Davido wa Nigeria ni ya 2014. "Nana" na Flavour, naye wa Nigeria, ni ya 2015. "Kidogo" na P-Square ni ya 2016. "Marry You" na Ne-Yo wa Marekani, "Eneka", na "Hallelujah" na kundi la reggae la Morgan Heritage ni za 2017. Shabiki aliyezihifadhi zote kwenye simu yake alikuwa na haki ya kuuliza kipya ni kipi. Mimi naikubali lawama hii moja kwa moja. Albamu hujengwa, wimbo mmoja unaupokea mwingine, na hii inasikika kama daftari la kumbukumbu za safari ya miaka minne. Safari ilikuwa nzuri, lakini daftari ni daftari.

Lawama ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Jina limetaja Tandale. Anayeijua Tandale anajua kuna soko la nafaka, malori yanashusha mahindi na mchele, watu wanapepeta na kupima kwa debe. Anaijua Kwa Mtogole. Anaujua Mto Ng'ombe, na jinsi mvua kubwa zikija watu wanavyopandisha magodoro juu ya makabati usiku. Mgeni wa mbali akiona jina lile atajiuliza Tandale ndio wapi, na akimaliza kusikiliza "Marry You" na "African Beauty" atabaki na swali lake vilevile.

Lakini nikisema hivyo nakuwa sijaitendea albamu haki, kwa sababu ya wimbo mmoja: "Sikomi".

Hebu tulitazame neno lenyewe. Aliyelelewa uswahilini analijua tangu utotoni. Umevunja sahani, au umetumwa dukani ukapotelea kwenye mpira mpaka jioni. Mama ana fimbo mkononi, na kila anapokuchapa anauliza: "Umekoma? Umekoma?" Jibu ni moja tu linaloiteremsha fimbo: "Nimekoma, mama." Mtoto anayejibu sikomi hayupo, akiwepo, mtaa mzima utamzungumzia. Sasa mtu mzima, tajiri, jina limevuka mipaka, anasimama na kuungama jinsi mapenzi yalivyomchapa mara baada ya mara, na anatoa jibu lile ambalo mtoto hathubutu kulitoa. Ameumizwa, anajua kosa lake liko wapi, na atarudia. Neno moja limebeba utoto, aibu, ukaidi na uchungu. Sijui ungelihamishia vipi kwenye lugha nyingine likabaki na fimbo yake. Na anavyoimba hapo hashindani na mtu. Sauti imeshuka, ni ileile ya kijana wa "Kamwambie" aliyekuwa akibembeleza. Tandale imo humo, ingawa haitajwi.

"Iyena", alioimba na Rayvanny, nao ni wa kwetu kwa njia nyingine. Nimehudhuria harusi nyingi tangu utoke. MC anatangaza maharusi wanaingia ukumbini, DJ anauachia, na akina mama wanasimama na vitambaa kabla bwana harusi hajapiga hatua ya pili. Hakuna aliyewaambia wasimame.

Hapa mtetezi ataniambia: bila kolabo na Davido, nani huko Lagos angejua jina la Diamond? Hoja ni ya kweli. Remiksi ya "Number One" ilimfungulia Nigeria, na baada ya hapo tuzo na majukwaa ya bara zima yakamwita. Ningekuwa mnafiki nikizisifu nyimbo za Kiswahili tupu na kusahau kwamba milango ilifunguliwa na wageni.

Ila kolabo hazifanani, na hapo ndipo naona mabishano yetu yamekosea njia. Sikiliza "Nana" tena. Flavour ana jina lake na mashabiki wake, lakini wimbo ni wa Kiswahili, mahadhi yake ni ya hapa, yeye anaingia taratibu kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Kisha sikiliza "Marry You". Pale mwenyeji ni Ne-Yo hata kama wimbo ni wa Diamond. Mtindo ni wa R&B ya Marekani, Kiingereza kimetawala, na kijana wetu mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni anaimba kwa tahadhari, kama mtu aliyekaribishwa kwenye sebule yenye zulia jeupe. Idadi ya wageni si tatizo, wala uraia wao. Ninachouliza kwa kila wimbo ni nani aliingia nyumba ya nani.

Na miaka iliyofuata imenipa ushahidi. Mwaka 2019 Diamond alishirikishwa kwenye remiksi ya "Yope" ya Innoss'B, kijana wa Goma, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani. Kiswahili na Kilingala vikakaa meza moja, na YouTube peke yake video ile imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Mwingine atasema "Yope" ulifika mbali kwa sababu jina la Diamond lilishakuzwa na akina Davido, Ne-Yo na rapa wa Marekani Rick Ross. Sawa, jina linasaidia. Lakini jina lilikuwepo kwenye "Marry You" pia, na sijawahi kuona wimbo ule ukisimamisha ukumbi.

Machi 2022 alitoa EP, yaani albamu fupi, yenye nyimbo kumi, "First of All", jina likiwa la Kiingereza tena na wageni wakiwemo tena. Mitaani uliong'ang'ania ni "Mtasubiri", alioimba na Zuchu, binti wa Zanzibar: wapenzi wawili wanawaambia wanaongoja waachane kwamba watangoja sana, mipasho ambayo bibi yeyote wa taarabu angeitambua. Mwezi Mei TCRA ikaizuia video yake kuonyeshwa kwa sababu ya kipande cha kanisani. Daladala ziliendelea kuupiga, na abiria waliendelea kuuimba.